Mpaka Bei Ishuke

Juzi fundi alikuwa akipaka rangi geti la nyumba ninayopanga. Alipomaliza alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kama wanavyofanya mafundi wote, halafu akaninyooshea kitambaa chekundu akiuliza akitupe wapi. Harufu ile, ya rangi na mafuta ya taa vikiwa pamoja, ilinipanda puani kabla sijamjibu. Nilimwonyesha pipa, nikaingia ndani nikaketi kitandani. Kama nawe ulilelewa Kibera miaka ile unga ulipokuwa ukipanda bei kila kukicha, labda una harufu yako usiyoweza kuistahimili. Yangu ndiyo hiyo.

Tulikaa Silanga, upande unaotelemka kuelekea bwawani, chumba kimoja cha udongo na mabati katika ploti ya milango iliyotazamana. Tulikuwa Baba, Mama, dada yangu Akinyi, mimi niliyemfuata, na mtoto wa mgongoni. Baba alifanya kazi ya mjengo siku alizoitwa. Mama aliuza sukuma wiki kando ya njia, na kwa kuwa Akinyi ndiye kifungua mimba wake, hakuna aliyemjua kwa jina lingine ila Mama Akinyi. Nilipopotea siku moja kule Kambi Muru nilisema tu mimi ni wa Mama Akinyi, nikarudishwa hadi mlangoni.

Sikumbuki bei zilianza kupanda lini. Nakumbuka watu wazima wakisema zimeachiliwa, nami nikafikiri bei ni kitu kama mbwa, kwamba mahali fulani mtu amefungua mnyororo. Nikitumwa dukani nilitembea nikiangalia nyuma. Kwanza maziwa yaliondoka kwenye chai bila hata kuaga, tukawa watu wa turungi. Kisha unga wa pakiti ukakoma kuingia kwetu, tukaanza kununua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa zamani wa mafuta uliokuwa kipimo cha Kibera nzima, na kuyapeleka posho mill kusagwa. Baadaye gorogoro likawa nusu. Mama aliuza majani mazuri ya sukuma, sisi tukala yale ambayo wateja waliyageuzageuza wakayaacha, pamoja na mashina ambayo zamani aliwatupia mbuzi wa jirani. Aliyakata mashina hayo membamba kabisa ili tusiyatambue. Tuliyatambua, ila hatukusema, maana siku hizo mkono wake ulikuwa mwepesi.

Baba ndiye aliyetutia moyo kwa mzaha. Alikuwa mtu wa ziwani, aliyelelewa akila samaki mzima mwenye macho, na sasa Mama alileta mgongo wazi: kichwa na mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo, ikakaangwa na kuuzwa njiani.

"Huyu jamaa amepanda ndege akaenda Ulaya," Baba alisema siku moja akiinua ule uti wa mgongo juu, "akasahau mifupa yake hapa. Si tumchungie?"

Tukacheka hadi mtoto naye akacheka bila kujua anachocheka. Lakini mzaha nao una wakati wake. Kazi za mjengo zilipopungua, Baba alianza kurudi na vumbi la njiani viatuni, si la simenti, na mgongo wazi ukaliwa kimya kimya.

Akinyi alikuwa bado mtoto, lakini kila mtu alimwita mkubwa, na jina likamkalia. Alinifundisha kuliminya tonge la ugali mpaka liwe bapa, eti bapa hujaza tumbo kuliko duara, nami nilimwamini. Baada ya kula yeye ndiye aliyesugua sufuria. Kabla ya kuitia maji alikwangua ukoko wote, akaugawa, sehemu kubwa akanipa mimi. Nilidhani hapendi ukoko. Nilimwonea hata huruma kidogo, kwamba Mungu alimuumba bila ulimi wa kujua kitu kizuri.

Sasa nieleze habari ya rangi. Katika ploti yetu hakuna matanga yaliyopikiwa kwa sufuria za nyumba moja. Mtu akifiwa, sufuria zilitoka kila mlango, na wageni wakishaondoka zilibaki zimelundikana kwenye mfereji wa maji wa ploti, zote nyeusi kwa moshi, zote zikifanana. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na alama yake, iliyopakwa kwa rangi ya mafuta kwenye kitako cha sufuria na kurudishiwa kila moto ulipoila. Jirani yetu Mama Mutuku, Mkamba wa Kitui, alikuwa na duara la buluu. Sisi tulikuwa na mistari miwili myekundu na nukta chini yake. Kazi ya kuzigeuza na kutangaza wenyewe ilikuwa yangu. "Mama Mutuku! Mama Akinyi! Mama Akinyi tena!" Niliifanya kwa majivuno, maana nilizijua alama zote, na sijaona hata siku moja sufuria yenye alama ikikosa kurudi kwao.

Mama alikuwa na mdogo wake, Mama mdogo Rispa, mwenye kibanda cha chakula Kawangware. Alikuja mchana mmoja na sukari iliyofungwa kwenye gazeti, akaketi kitandani, akamtazama Akinyi akimbembeleza mtoto.

"Mama Akinyi, si unipe huyu mkubwa," alisema. "Mimi nimechoka na wasichana wa watu. Kwangu hawezi kosa chakula."

"Na shule?"

"Kwani shule iko Kibera peke yake? Nitampeleka."

"Wacha kwanza niongee na baba yake."

"Ongea naye. Lakini hebu angalia huyo mdogo vile shingo imekuwa."

Huyo mdogo nilikuwa mimi. Niliishika shingo yangu, nikaona iko sawa.

Niliposikia Akinyi ataenda, kitu cha kwanza kunijaa kilikuwa wivu. Niliona amechaguliwa kwa vile anajua kusugua sufuria, na huko atakuwa akila chapati. Wivu ulipoisha ndipo nilipomuuliza Baba atarudi lini. Baba alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu.

"Ni mpaka bei ishuke," alisema bila kuinua uso. "Ikishuka tu tunamchukua."

Aliyasema kama mtu anayetaja siku ya wiki, nami nikayashika hivyo hivyo.

Mama mdogo aliomba pia sufuria yetu kubwa, kwa kuwa yake ilikuwa imetoboka na sisi hatukuwa tena na cha kupika humo. Asubuhi ya siku aliyotarajiwa kuja, Baba alivuta kopo la rangi kutoka chini ya kitanda, akatoboa utando ulioganda juu, akairudishia sufuria alama yetu.

"Kawangware ni kubwa," alimwambia Mama. "Bila alama hii kitu hairudi."

Kisha akaenda kutafuta kazi. Nilimtazama Akinyi. Hakuna aliyempaka chochote. Kwa akili yangu ile nilielewa kwamba sufuria ingerudi na dada yangu asingerudi, na kwamba watu wazima, kwa haraka zao, walikuwa wamesahau kitu kidogo tu. Nikachukua kijiti cha kiberiti na lile kopo, nikamvuta Akinyi nyuma ya nyumba.

"Leta mguu."

"Wa nini?"

"Ndio urudi."

Akinyi hakunicheka. Jambo hilo linanishangaza hadi leo, kwa sababu alikuwa mkubwa, alijua mambo. Aliketi juu ya jiwe, akavua slipasi, akanipa wayo.

"Wee, inatekenya!"

"Tulia, itaharibika."

"Chora poa basi." Aligeuza shingo aone kijiti kinavyokwenda. "Wakiiona watajua mimi ni wa huku?"

"Kila mtu anajua hiyo alama," nikamwambia, na kwangu mimi kila mtu maana yake ilikuwa ploti yetu.

Siku ile Mama alimwogesha Akinyi mwenyewe, kazi aliyokuwa ameiacha tangu mimi nizaliwe. Alimsimamisha ndani ya karai mlangoni, akamsugua shingo, mgongo, magoti. Alipouinua mguu mkono wake ukasimama.

"Nani amefanya hii?"

Akinyi alinigeukia. Kijiti kilikuwa bado mkononi mwangu. Mama akakiona. Nilijiandaa kwa kofi, nalo halikuja.

"Mtoto si sufuria," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Alifuata stovu, akafungua tangi lake, akamwaga mafuta ya taa kwenye kitambaa. Nilijua yale ndiyo mafuta ya kupikia chakula cha jioni, na kwamba hakukuwa na mengine ndani, maana mafuta ya taa nayo yalikuwa yamepaa na tulikuwa tukiyanunua ya siku kwa siku. Akaketi chini, akaupakata mguu wa Akinyi, akaanza kufuta.

"Mama, usitoe!" nilipiga kelele. "Ukitoa hatarudi!"

Alinigeuzia mgongo. Niliona mabega yake yakienda na kurudi, na kitambaa kikibadilika kuwa chekundu, na ile harufu ikajaa mlango mzima. Akinyi alikuwa akimtazama kutoka juu, amemshika bega asianguke. Mama akamwambia kitu kwa Kijaluo, chini chini, sikukisikia kwa kilio changu mwenyewe. Sikuona haja ya kukisikia. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba Mama hataki arudi.

Mama mdogo alifika jua likiwa bado kali, akajitwika sufuria kichwani, akamshika Akinyi mkono. Mama hakuwasindikiza zaidi ya kona ya posho mill. Akinyi alitembea vibaya, akikanyagia ukingo wa nje wa mguu mmoja kama mtu mwenye mwiba, na Mama mdogo akimvuta aharakishe. Nikafikiri mafuta ya taa yamemchoma, na hilo nalo nikamwekea Mama moyoni. Jioni ile stovu haikuwashwa. Mama Mutuku alituletea mahindi yake ya kuchemsha, tukayala yakiwa yamepoa.

Kuanzia kesho yake tonge langu likawa kubwa. Nilikula nikashiba, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu. Kazi ya kusugua sufuria ikawa yangu, na ukoko wote ukawa wangu. Ndipo nilipogundua, nikiwa nimechuchumaa peke yangu kwenye mfereji na ukoko mdomoni, kwamba hakuna mtu duniani asiyependa ukoko. Niliutema. Halafu nikauokota, maana ulikuwa ni unga.

Nilipotumwa Makina, dukani kwa Mzee Ramadhani, sikuondoka bila kumuuliza swali langu. Alikuwa mzee wa kofia ya kufuma, mzaliwa wa pale pale Makina, na mara ya kwanza alicheka hadi wateja wakageuka.

"Bei imeshuka? Mama yako ndiye kakutuma uulize?"

"Hapana. Ni mimi tu."

Nilipozidi kuuliza, aliacha kucheka. Siku moja aliinama juu ya kaunta, akanitazama vizuri, akasema kwa upole, "Bei ikishapanda, mwanangu, hutupa ngazi." Nilirudi nyumbani nikiwaza ni nani anayeweza kuipelekea ngazi nyingine.

Ilinichukua miaka mingi kujua kuwa Kawangware si mbali. Mtu mzima anaweza kutoka Kibera asubuhi kwa miguu yake, akasalimia watu, akarudi mchana. Mama hakwenda. Kwetu huingii nyumba ya watu mikono mitupu, sembuse nyumba inayokulelea mtoto. Utabeba sukari, utabeba unga, ukishindwa kabisa utabeba mkate. Kila mwezi Mama alisema mwezi ujao, na mwezi ujao ulipofika sukari ilikuwa imemkimbia tena. Nilimwona mara mbili tatu akivaa leso yake nzuri, akisimama mlangoni, kisha akiivua. Kumbe alishindwa na aibu, si njia. Lakini mimi niliiona ile leso ikirudishwa kwenye msumari, nikasema moyoni, mnaona?

Akinyi alikuja Krismasi moja na Mama mdogo. Alikuwa amenenepa, vidole vyake vimepasuka kwa sabuni, na alimwita Mama mdogo "mathe" kama mtu anayemwita mama yake mzazi, bila hata kujishtukia. Mama aliteremsha vikombe vya wageni. Alimpakulia Akinyi kwanza, kabla hata ya Baba, akamwekea paja la kuku ambalo sijui kuku wake alipatikanaje, na Akinyi akasema asante kama wasemavyo wageni. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Mama alimwambia avue viatu apande akae vizuri, akakataa. Akaambiwa tena, akakataa tena, akaivuta miguu nyuma. Nikaona ni maringo ya Kawangware. Nilipomsindikiza nje aliniuliza kwa siri, "Huku bei imeshuka?"

"Bado," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa gari halijafika. Baada ya hapo hakuuliza tena, wala mimi. Shule aliiacha njiani, lakini kibanda hakikumwacha, na Mama mdogo alipozeeka kikawa chake. Akaolewa huko huko, akazaa huko huko. Kule Silanga watu waliendelea kusema Mama Akinyi, Mama Akinyi, hata wale wapangaji wapya waliodhani Akinyi ndiye mimi.

Baba alitangulia. Mama alituacha miezi michache iliyopita, akiwa bado katika ploti ile ile. Siku ya mkutano wa matanga mhubiri alisema, "Tumempoteza Mama Akinyi. Tunaomba Akinyi mwenyewe asimame watu wamwone." Akinyi akasimama, na nikawaona majirani wakitazamana, kwa maana karibu wote walikuwa hawamjui.

Tuliporudi kutoka kumzika kule ziwani, majirani walipika mara ya mwisho, wakala, wakatuombea, wakatawanyika. Mdogo wetu akawasindikiza wageni, tukabaki mimi na Akinyi kwenye mfereji na lundo la sufuria. Nilizigeuza moja moja kama zamani, ila sikutangaza majina. Nikafika kwenye moja kubwa, iliyobonyea pande zote kwa uzee. Chini yake palikuwa na mistari miwili na nukta, nyekundu kabisa, kama imepakwa jana.

"Hii imetoka wapi?"

"Si nilikuja nayo," Akinyi alisema. "Kwani umesahau sufuria yenu?"

"Na alama? Hii ni mpya."

"Mi huirudishia ikianza kufifia. Nikikosa rangi natumia hata ya kucha." Alicheka kidogo. "Watu wangu wa kibanda hunidhania nimerogwa."

Sijui kwa nini nilimwambia siku ile na si siku nyingine. Labda kwa sababu Mama hakuwepo kusikia.

"Yako ndiyo Mama alitoa," nikasema. "Tena kwa mafuta ya taa. Hiyo kitu ilinikaa hapa maisha yangu yote."

Akinyi aliweka chini waya wa kusugulia.

"Nani alikwambia alitoa? Alitoa ile mistari. Nukta aliiacha."

Niliigeuza tena ile sufuria, nikaitazama nukta.

"Aliniambia, 'Hii nimekuachia. Usiikanyage.' Kwani hukuona vile nilikuwa natembea?"

"Nilifikiri mafuta yamekuchoma."

"Nilitembea hivyo mpaka Mama mdogo akanichapa, akasema najifanya kiwete. Lakini kazi ilikuwa ya maji, maji kutwa nzima. Siku moja nikaangalia, haiko." Alitoa mguu kwenye slipasi, akajisugua wayo kwa kidole gumba, bila kufikiri. "Nilipokuja Krismasi niliogopa kuvua viatu. Nilijua ataniuliza imeenda wapi."

Nililia pale kwenye mfereji, nikimlilia Mama kwa mara ya kwanza tangu afe, na Akinyi akaendelea kusugua sufuria za watu mpaka zikaisha. Tulizirudisha mlango kwa mlango. Duara la buluu tulimpelekea binti yake Mama Mutuku. Tulipomaliza alifuta mikono kwenye sketi, akachukua mkoba wake.

"Lala hapa leo," nikamwambia. "Kitanda cha Mama kiko."

"Zii, kuna watoto. Wacha niende nyumbani."

"Na sufuria?"

"Hiyo ni ya huku," alisema. "Si imerudi?"

Akashika njia ya kupanda, akapita kona ya posho mill. Nilijikuta nikitazama miguu yake. Alikuwa akikanyaga vizuri, wayo mzima, kama mtu mwingine yeyote.